Kitanda cha Saa Sita Mchana

Tangu niache kazi, mnanipigia simu kuliko wakati nilikuwa nayo. Vijana wa kwaya, binti wa jirani yangu, kijana mmoja ambaye hata jina lake sikulishika, wote swali ni lile lile: "Tantine Joli, tunapeleka batoto ku parki. Tulale ndani, ku hoteli ya parki yenyewe, ao tulale inje, kwenye bei iko chini?" Mnauliza mkiwa ndani ya tram, nasikia milango inalia, mnataka jibu kabla ya kituo chenu.

Jibu la kituo kimoja sina. Nina miaka kumi na saba ya kupakia familia za Schaerbeek, mtaa wetu wa Brussels, ndani ya basi kubwa na kuzipeleka kwenye parki za michezo, za hapa na za upande wa Ufaransa. Nina pia magoti mawili ambayo daktari amesema yamemaliza kazi kabla yangu. Kwa hiyo nitaandika mara moja. Msome, halafu mniache. Majina nitayataja. Mwenye jina lake akikasirika, nyumba anaijua: juu ya duka la Muturuki anayeuza mapazia, ghorofa ya pili, agonge kwa nguvu kwa sababu kengele ilikufa.

Masomo sina. Niliishia darasa la ine, kule Likasi, Kongo. Kazi hii nilifundishwa na muntu mmoja, Papa Sylvain wa Kolwezi, aliyekuwa na basi lake mwenyewe, la viti arobaini na tisa, na alikuwa analiegesha nyuma ya Gare du Nord, stesheni ya treni. Mimi wakati ule nilikuwa nasafisha maofisi kwenye minara ya pale. Nilikuwa natoka kazini saa tatu asubuhi, namkuta anakula sardini peke yake kwenye ngazi ya basi. Siku moja aliniuliza kama najua kusemesha wamama. Yeye wamama walikuwa wanamshinda. Alikuwa akisema tunaondoka saa moja, wao wanafika saa tatu na sufuria. Nikamwambia, Papa, waambie saa kumi na moja. Akacheka mpaka sardini ikaanguka. Ndipo nikaanza kazi.

Orodha yangu ya kwanza nilimletea kwa kujisifu, imeandikwa vizuri, majina na umri.

"Papa, tuko bantu arobaini na moja."

Hakuangalia karatasi. "Ni nani atachoka wa kwanza?"

"Mi nitajua aje?"

"Alors kazi haijaisha. Rudia kwao."

Nilirudia kwao, nyumba kwa nyumba, nimekasirika. Lakini ukiingia nyumbani kwa muntu ukakaa, ukanywa chai, unaona. Unaona tumbo la miezi sita ambalo halikuandikwa kwenye orodha. Unaona dawa juu ya friji. Unaona kwamba mzee anashika ukuta akienda chooni. Papa Sylvain alikuwa na neno lake: safari inatembea na miguu ya ule anayechoka wa kwanza. Basi malazi alikuwa anamchagulia huyo mmoja, siyo wale arobaini. Kama anayechoka wa kwanza ni kitoto cha miaka miwili, tulilala ndani ya parki, hata kama tulipunguza siku. Kama ni kundi la vijana wenye miaka kumi na minane, tulilala mbali kabisa, hata kwenye mabanda ya kambi, kwa sababu kijana analala hata juu ya kiatu chake.

Papa Sylvain aliuza basi akarudi Kolwezi kuzeeka. Alizeeka miezi minane tu. Mimi nikabaki na daftari lake na dereva wa kukodi.

Sasa nitaje jina la kwanza: Maman Georgette. Mnamjua, ndiye alikuwa rais wa wamama wa parokia yetu, na sauti yake mnaijua pia. Safari ya kwanza niliyoongoza peke yangu, nilichagua hoteli ya ndani ya parki, kwa sababu tulikuwa na vitoto vitatu vya kubeba. Nilichagua vizuri. Kosa langu lilikuwa kwenye kueleza. Nilisimama mbele ya wamama nikasema: "Ba maman, kule ku hoteli jiko haiko." Nikakaa chini, nikaamini nimesema. Maman Georgette alielewa vile mwanamke wa Katanga anaelewa jambo hilo: kama jiko haiko, unabeba jiko.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliweka jiko lake dogo la umeme juu ya meza ya chumba, akasonga bukari, ule ugali wetu, halafu akakaanga makayabu. Bukari haina fujo. Lakini yale makayabu, ile samaki ya chumvi, ikikutana na mafuta ya moto ndani ya chumba chenye dirisha lisilofunguka, hata malaika watahama. Kengele ya moto ililia hoteli nzima. Wageni mia na zaidi walishuka kwenye maegesho wakiwa na nguo za kulalia. Kijana mmoja aliyekuwa anavaa mavazi ya dubu kwa ajili ya kusalimia watoto naye alitoka, mwili ni dubu, kichwa cha dubu kiko chini ya kwapa, watoto wakaanza kulia. Na katikati yao, Maman Georgette, kitambaa kichwani, mwiko mkononi.

Msimamizi wa hoteli alikuja. Muzungu mrefu, mwembamba, mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliuliza kwa upole nani anaongoza kundi.

Wote walininyooshea kidole. Siku ile nilijua maana ya kiongozi.

"Monsieur," Maman Georgette akasema, kabla sijafungua kinywa, "batoto habawezi kushinda na mukate. Onja kwanza, halafu ukasirike."

Hakuonja. Lakini hakutufukuza pia. Aliandika jina langu ndani ya kitabu chake, akasema samaki imalizwe inje. Wamama walicheka njia yote ya kurudi. Mimi sikucheka. Niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga tena hoteli ile. Kuapa ni kazi ya muntu aliyepata haya. Aliyefikiri haapi.

Hivyo nikahamia inje, na nikabaki inje miaka mingi. Msifikiri nasema inje ni mubaya. Inje kuna jiko la kweli na meza ndefu ambapo wote wanakula pamoja, na hakuna anayenusa sufuria yako. Inje ndiyo inafanya familia yenye watoto watano iweze kwenda, ndani wangeenda wawili na watatu wangebaki wanalia. Inje, chumba cha watu ine kinalaza saba na mwenye nyumba anafumba macho. Nimeona wazee wakicheza karata kwenye baraza ya nyumba za inje siku mbili nzima, parki hawakuiona hata mlango, na wakarudi Brussels wanasema ilikuwa safari nzuri kuliko zote.

Lakini lazima ujue kuuliza. Mwenye nyumba atakuambia parki iko dakika kumi. Dakika kumi za mwenye nyumba alizihesabu peke yake, ndani ya gari lake, Jumapili asubuhi, bila mutoto anayetafuta kiatu. Weka kumi zake mara ine. Halafu kila muntu anauliza basi ya mwisho inaondoka parki saa ngapi. Basi ya mwisho itakuja tu, kwa sababu dereva naye anataka kulala. Uliza basi ya *kwanza* ya kurudi. Kama ya kwanza ni saa kumi na mbili jioni, maana yake kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na mbili wewe ni mfungwa mwenye tikiti. Uliza basi inasimama wapi, na kama pale kuna paa. Uliza kama ukitoka mlangoni unaweza kuingia tena. Na ukiambiwa "hoteli ya parki", uliza hatua ngapi, kwa sababu kuna hoteli zinazoitwa za parki na katikati kuna ziwa la kuzunguka.

Na ile tofauti ya bei mnayolia nayo, mjue inalipia kitu gani. Hamlipii usiku. Usiku kitanda ni kitanda, ukifunga macho hujui uko ndani ao inje. Mnalipia kitanda cha saa sita mchana. Yaani muntu akichoka katikati ya siku, anatembea hatua mia, anavua viatu, analala, anarudi. Ndiyo hiyo tu. Kama kati yenu hakuna anayehitaji kitanda saa sita mchana, laleni inje, mle vizuri. Kama yuko hata mmoja, hesabu inageuka.

Maneno haya niliyajua. Papa Sylvain alinipa kwa mkono wake. Sasa nitasema vile nilivyoyatupa.

Jina la pili ni Tonton Fabrice. Alikuwa na nyumba tatu za kukodisha kwenye mji wa karibu na parki moja kubwa, saa tatu na nusu kutoka hapa kwa basi, na alikuwa na basi yake ndogo ya kupeleka watu na kuwarudisha. Muntu wa kucheka, wa kukumbatia, wa "Joli, unanijua". Nilifanya naye kazi kwa sababu sufuria zake zilikuwa kubwa na hakuandika jina la muntu ndani ya kitabu.

Wakati huo pia niliacha kwenda nyumba kwa nyumba. Magoti yalikuwa yameanza, na simu ilikuwa imeingia. Nilifungua kikundi ndani ya simu, watu wote hamsini, naandika: "Nani ana tatizo la kulala ao la kutembea, aseme." Wanajibu kwa vidole gumba na maua. Nikafurahi, kazi ya wiki mbili imeisha kwa dakika tano. Sikujiuliza ni mama gani ataandika ugonjwa wa mutoto wake mbele ya watu hamsini.

Safari ilikuwa ya likizo ya Toussaint, Watakatifu Wote, baridi ya Novemba ikiingia. Kati ya wasafiri alikuwa Maman Espérance, mwanamke mkimya, anatunza wazee kwenye nyumba moja ya Woluwe, na binti yake Divine, miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye maswali. Jumapili ya kugawa vyumba, kwenye ukumbi wa parokia, Espérance alinikaribia. Alisema chini chini, akiniita Ya, kifupi cha yaya, dada mkubwa.

"Ya Joli, ku hoteli ya ndani nafasi haiko? Ya mi na Divine tu."

Nilikuwa na orodha mkononi, nimechoka, na ile hoteli ya ndani ilikuwa ile ile ya samaki. Nikajibu kwa sauti ya ukumbi mzima.

"Sikieni Madame! Anataka kulala kwa ba patron, kwa batajiri!"

Watu walicheka. Maman Georgette aliongeza: "Espé, bukari yetu ilikukosea nini?"

"Hapana, maman," Espérance akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Nilikuwa nauliza tu. Maneno matatu. Kama ningemshika mkono tukaenda nyuma ya ukumbi, angeniambia. Sikumshika. Niliendelea na orodha.

Na kitu alichokuwa anaficha nilipaswa kukijua kabla hajasema. Divine alikuwa na ile maladi ya damu, drépanocytose, kwetu tunaita SS. Damu inakuwa nzito, inakwama ndani ya mishipa, mifupa inauma kama inavunjwa. Baridi inaileta, kuchoka kunaileta, kutokunywa maji kunaileta. Mutoto wa namna hiyo anaweza kuruka na wenzake asubuhi, lakini mchana lazima apate joto na kitanda. Mama wanaficha kwa sababu watu wana vinywa. Wanasema damu mubaya ilitoka kwa mama, wanasema mutoto hataolewa, wanasema kuna bibi anayemla kwa uchawi.

Mimi nilikuwa na dada, Clarisse, mdogo wangu. Alikufa Likasi akiwa na miaka tisa, macho yake ya njano, mifupa inauma. Jina la tatu liko hapa: shangazi yetu Léonie, aliyesimama mbele ya msiba akasema bibi yetu ndiye aliyemla. Bibi alimaliza maisha yake bila muntu wa kumpa maji. Nilikuja kusikia neno SS hapa Brussels, nimeshakuwa mtu mzima, kwa daktari. Tulikuwa wawili, nikabaki mmoja, na yale macho ya njano niliyajua kuliko muntu yeyote ndani ya ukumbi ule. Divine alisimama mbele yangu akiuliza kama kwenye parki kuna treni ya kichwa chini. Sikumwangalia macho. Nilikuwa naangalia orodha.

Siku yenyewe mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoonekana lakini inaingia. Tuliingia saa ine asubuhi. Espérance alimvalisha mutoto kama wa kwenda barafuni, na chupa ya chai ya moto ndani ya mfuko. Mpaka saa saba mambo yalikwenda. Kwenye saa nane Espérance alinitafuta mpaka akanipata karibu na farasi wa kuzunguka.

"Ya Joli, Divine miguu inamuuma. Tunaweza kurudia ku nyumba?"

Basi ya Fabrice ilipangwa saa kumi na mbili. Nilimpigia.

"Tonton, tuma basi, niko na mutoto amechoka."

"Niko mu njia, Joli. Dix minutes."

Tukatoka mlangoni sisi watatu. Ukitoka, tikiti imekufa, hurudi ndani. Kituo kilikuwa mti wa chuma wenye ubao na benchi ya chuma, paa hakuna. Tukakaa. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita. Nikapiga tena.

"Dix minutes, Joli. Unanijua!"

Basi haikuwa njiani. Alikuwa ameikodisha kwa kundi lingine lililokwenda kununua nguo kwenye maduka ya bei ya chini. Hilo nilikuja kujua baadaye, kwa dereva wake.

Kutoka kwenye benchi ile ulikuwa unaona hoteli ya ndani, mlango wake wa upande wa barabara. Nilihesabu hatua baadaye: mia na kumi. Taa zilikuwa zimewashwa, na ndani watu wamekaa kwenye viti vya kitambaa, wanakunywa.

"Tungeingia pale kidogo?" Espérance akasema. "Akae tu ku joto."

"Pale hawatupendi," nikajibu. "Basi inafika."

Hawatupendi. Nani? Ilikuwa jina langu ndani ya kitabu na harufu ya samaki ya miaka iliyopita. Niliogopa kuingia mlango ule. Ndiyo maana mutoto alikaa juu ya chuma cha baridi saa moja na dakika ishirini.

Divine hakulia mwanzoni. Aliacha kuuliza maswali. Halafu alijikunja, akashika paja, akatoa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu Likasi. Nikainua uso wake. Macho ya njano.

"Espé. Ni SS?"

Espérance aliangalia kwanza nyuma yake kama kuna muntu wa parokia. Mpaka pale, mutoto analia vile, aliangalia kwanza nyuma. Halafu akasema: "Ndiyo, yaya."

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka mlango ukijifungua wenyewe, na yule muzungu mrefu mwenye funguo. Nilipaza sauti, mutoto, mutoto, kwa Kiswahili. Alitoka mbio bila koti, akambeba Divine mwenyewe, akamlaza kwenye kiti kirefu, akaagiza blanketi na akaita ambulansi. Akiwa amepiga magoti pale, aliinua macho akaniangalia vizuri.

"Ah," akasema. "Ni wewe, Madame wa samaki."

Na akaenda kutafuta blanketi la pili.

Hivyo tu. Kitabu chake chote nilichokiogopa kilikuwa hicho. Kama ningeingia saa nane na nusu, angesema neno lile lile na kutupa kiti.

Divine alilala siku tatu kwenye hospitali ya kule, halafu wiki tatu hapa Woluwe, ambapo walikuwa wanamjua tangu mutoto mchanga. Mama yake alikuwa anafanya kazi dakika chache kutoka pale, na ndani ya parokia hakuna aliyejua wanaenda kufanya nini kila mwezi. Damu haikufika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa nyonga. Mfupa ukaharibika. Tangu hapo anatembea na fimbo. Daktari aliniambia kwa adabu kwamba shida kama hiyo inaweza kuja hata mutoto akiwa kitandani kwake. Nilimshukuru. Adabu ni kitu kizuri.

Niliahidi majina. Fabrice, kwa dakika kumi zake. Hakukanyaga hospitali. Alituma maua ya picha ndani ya simu. Maman Georgette, siyo kwa samaki, samaki ni samaki, lakini Jumapili iliyofuata alisimama kwenye mlango wa kanisa akasema Espérance ni mama gani wa kuficha mutoto, na watu wakaitikia. Walikuwa wale wale ambao Espérance alikuwa anawaficha. Shangazi Léonie amekufa, lakini kinywa chake bado kinafanya kazi Schaerbeek. Na Joli, mwenye kuandika haya. Mimi niko wa kwanza kwenye orodha, nimejiweka mwisho kwa ujanja tu. Espérance simtaji. Kuna watu wanamtaja, wamtaje mbele yangu.

Nilifanya kazi miaka mitatu tena, nyumba kwa nyumba, magoti yakilia kwenye ngazi. Fabrice sikumpigia tena. Halafu nikaacha.

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, mlango uligongwa kwa kitu kigumu. Nilifungua: Divine, miaka kumi na tisa, fimbo mkononi.

"Tantine, kengele yako imekufa."

"Najua. Ingia."

Hakukaa hata kwanza. "Kuko kikundi yetu, ya ba SS. Tuko batu kumi na mbili. Tunataka kuenda ku parki, ile ile. Banasema nipange. Mi nasema ni we utapanga."

"Juu ya nini mi? Beko vijana ba kompyuta."

"Juu ya ile benchi," akasema. "Bale ba kompyuta habajue kama iko baridi."

Alisema hivyo kama muntu anayesema saa. Nikatafuta daftari la Papa Sylvain. Nikamuuliza swali.

"Ni nani atachoka wa kwanza?"

Divine akacheka. "Tantine! Sisi bote tunachoka ba kwanza."

Nikalipia ndani. Yaani walilipia wao, siku moja na usiku mmoja badala ya siku tatu, kwa sababu siku moja yenye kitanda inashinda siku tatu za kusimama. Nilikwenda nyumba zote kumi na mbili. Wazazi wawili walinifungia mlango, hawakutaka ijulikane, nikarudi mara ya pili na mara ya tatu mpaka wakafungua. Maman Georgette alisikia. Alinipigia, hakuomba msamaha, siyo desturi yake. Aliuliza ni watu wangapi. Siku ya kuondoka alikuja nyuma ya Gare du Nord na masanduku ya plastiki kumi na matatu: makayabu, imekaangwa Schaerbeek, imepoa, imefungwa.

"Ya kula baridi," akaniambia. "Usiwashe kitu."

Yule muzungu wa funguo hakuwa tena pale. Alikuwa amestaafu, msichana wa mapokezi aliniambia. Sanduku la kumi na tatu lilikuwa lake; nililipeleka mapokezi, nikarudi nalo.

Saa sita na nusu, Divine alisimama katikati ya njia, karibu na farasi wa kuzunguka.

"Nimechoka."

Tulitembea. Kwa fimbo yake, hatua mia na arobaini. Alivua viatu, akaweka chupa ya maji ya moto kwenye nyonga, akageukia ukuta, akalala na mdomo wazi kama mutoto. Mimi nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha, nikapumzisha magoti, miguu juu ya sanduku la nguo. Dirisha lilikuwa la upande wa barabara. Chini, mti wa chuma ulikuwa pale, na benchi. Wameiwekea paa.

Alipogeuka na kufungua macho, niliangalia saa. Alikuwa amelala saa moja na dakika ishirini. Muda ule ule wa benchi.

"Tantine," akasema, anatafuta kiatu, "kunabakia treni ya kichwa chini. Tuende?"

Nikampa fimbo yake.